Kasi Nyuma ya Geti Lililofungwa

Siku askari wa mpakani walipomrudisha mama nyumbani tena, nilinunua kufuli la geti.

Walimkuta amesimama katikati ya wanawake wenye mizigo waliokuwa wakingoja kuona kama mpaka utafunguliwa. Alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani na kandambili, mkoba begani. Ndani ya mkoba mlikuwa na mwiko, soksi za mtoto mchanga ambazo sijui alizitoa wapi, na kitambulisho kilichokwisha muda. Askari mmoja, mwanamke, alimshika mkono akapanda naye hadi Nengo, mtaa wetu hapa Gisenyi, akiuliza njiani mpaka mtu akamwonyesha kwetu.

"Anasema anaenda Goma kupikia watoto," aliniambia. "Nikamwambia mpaka umefungwa. Akasema hakuna shida, atangoja."

Watoto aliokuwa anaenda kuwapikia ni mimi na dada yangu. Dada yangu ana wajukuu wawili.

Mama alikuwa mshonaji. Alishona Goma karibu maisha yake yote, na sisi tulikulia chini ya meza ya cherehani, tukiokota vipande vya vitambaa. Tuliporudi Rwanda aliacha cherehani ile kule na hakutaka nyingine. Kichwa chake kilipoanza kuchanganyikiwa, miaka ya kwenda na miaka ya kurudi iliingiliana. Aliamka asubuhi akiwa Goma, akashangaa kwa nini dirisha linatazama ziwa kutoka upande usio wake.

Kufuli lile nililifunga mwenyewe, na kuanzia siku hiyo tukawa wawili tuliofungwa. Sikuweza kumwacha peke yake ndani, na sikuweza kutoka naye, maana kila njia ya kushuka kutoka kwetu aliigeuza kuwa njia ya kwenda mpakani. Mboga nilinunua kwa mama mmoja wa Nyakiriba aliyepita na kabichi kichwani. Alinipitishia juu ya ukuta wa mawe meusi, nami nikampa hela hukohuko juu. Kanisani nikaacha kwenda. Rafiki zangu walipiga simu, baadaye wakapunguza.

Kazi yangu ni kuchora majengo ambayo bado hayajajengwa. Msanifu ananitumia ramani, mimi naijenga ile nyumba ndani ya kompyuta, naweka mwanga, viti, miti, watu wanaopita. Kisha kompyuta inakaa chini na kupiga hesabu za kila picha, mwanga unaangukia wapi, kioo kinaakisi nini. Sisi tunaita kurenda. Picha moja si taabu. Lakini mteja akitaka filamu, ile ya kuingia mlangoni na kutembea ndani kana kwamba nyumba ipo, kila sekunde ni picha nyingi, na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, inafanya kazi hadi inatoa jasho, kama ingekuwa na jasho.

Msanifu wangu, mwanamke wa Kigali ninayemheshimu, alinipa filamu ya hoteli ya kando ya ziwa. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa. Nilipoanza kurenda niliona wazi kwamba sitamaliza kwa wakati, na sababu haikuwa uvivu wa kompyuta peke yake. Nyumba yetu ni ndogo. Kompyuta iko sebuleni, chumba cha mama kiko ukuta mmoja nayo, na feni ya kuipoza ikivuma usiku mama halali. Anaamka, anatafuta viatu. Kwa hiyo usiku niliizima. Wachoraji wengine huiacha mashine ikirenda wao wamelala. Mimi nilikuwa na mchana tu.

Nilimpigia msanifu nikamweleza.

"Njoo Kigali," alisema. "Ofisini kuna mashine mpya mbili. Kaa wiki moja tu, umalize."

"Siwezi kutoka."

"Hata siku tatu?"

"Hata siku moja, dada. Siwezi kufika dukani."

Hakuwa mtu mbaya. Akasema ataningoja, ila ikishindikana atampa mtu mwingine sehemu iliyobaki, na jina langu litabaki kwenye sehemu yangu. Alilisema kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma.

Kompyuta ile ilikusanywa kwa mkono na fundi mmoja wa Goma, mtu niliyefanya naye kazi miaka kadhaa katika studio ndogo kabla sijahamia upande huu. Yeye ndiye aliyechagua kila kipande. Kabla mpaka haujafungwa alikuwa anavuka kwa miguu kuja kuitazama, ananywa chai, anamsalimia mama kwa Kiswahili cha kwao, na mama anafurahi. Sasa alikuwa upande ule na mimi upande huu. Kutoka mlangoni kwangu, hali ya hewa ikiwa safi, naona mabati ya mtaa wao. Tukabaki na ujumbe wa sauti.

Nilimtumia malalamiko yangu yote. Alijibu akiwa anatafuna kitu.

"Dada, sikia muzuri. Ile prosesa nilikuwekea, kiwandani waliipangia mwendo yake, lakini haikufungwa. Iko na nguvu ya kupita pale. Tunaweza kuiongeza. Donc, tutaenda pole pole, juu ukiiunguza, mi siwezi kuvuka kuja kuitengeneza. Umeelewa?"

Nilielewa. Kabla ya yote alinitaka ninakili kazi yangu yote kwenye diski ya nje, niichomoe, niiweke mbali. Nilipomwambia nimeshafanya, aliniomba picha ya diski ikiwa kabatini. Akaniuliza kama pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa mashine umeme, ni ileile aliyoniwekea, nikamtumia picha yake pia. "Bon. Hiyo itaweza," alisema.

Halafu vumbi. Nilifungua ubavu wa mashine nikaona kitu kama manyoya ya kuku kimejaa kwenye feni. Vumbi la huku ni jeusi na lina mchanga ndani yake. Nilisafisha kwa brashi ya rangi asubuhi nzima, mama ameketi pembeni kwenye kiti chake akinitazama.

"Ile mashini inashonaka nini?" aliuliza.

"Nyumba, mama."

Akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. "Nyumba ni kazi nguvu," alisema.

Nilitoa feni ya prosesa, nikafuta ile pasta kavu iliyokuwa kati yake na prosesa, ambayo kazi yake ni kusafirisha joto na ilikuwa imegeuka kama chokaa. Feni kubwa zaidi na pasta mpya niliagiza Kigali, zikaja kwa basi, na mwenye pikipiki akanipitishia kwenye geti. Pasta nilipaka kidogo tu, kama punje ya dengu, kama nilivyoelekezwa. Nilipowasha na kuipa kazi nzito, joto ambalo zamani lilipanda hadi kukaribia digrii tisini likasimama chini ya sabini. Fundi alifurahi kuliko mimi.

"Sasa tuko na nafasi," alisema. "Bila nafasi ya joto usiguse kitu."

Siku iliyofuata mama alipopata chai yake, niliingia kwenye bayosi, ule ukurasa wa mipangilio unaotokea kabla kompyuta haijaamka vizuri. Kwanza fundi alinifanya niandike volteji mwenyewe, nisiuachie ubao mkuu wa mashine ujichagulie, kwa sababu ukijichagulia unaweza kupeleka umeme mwingi kuliko unaohitajika na kuichosha prosesa kimyakimya. Baadaye nikapandisha kile kizidisho cha kasi, kinachoamua mwendo wa prosesa, kwa namba moja, si zaidi. Nikahifadhi, nikawasha, nikaendesha programu ya kuitesa prosesa kwa saa nzima huku nikitazama joto. Ikipita salama, narudi, napandisha namba moja nyingine.

Kazi hiyo ni ya kukaa na kungoja, nami nilikuwa nimeshazoea kukaa na kungoja. Niliketi kati ya skrini na mama. Jicho moja kwenye digrii, jingine kwenye mkono wake unaokunja na kukunjua pindo la kitenge. Siku hizo mvua ilinyesha kila alasiri, baridi ikashuka kutoka mlimani, naye akagundua kwamba nyuma ya kompyuta hutoka hewa ya moto. Alisogeza kiti akaweka viganja pale. Nilimwacha. Alikuwa anatulia.

Namba zilipanda. Ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zikapita. Iliyofuata ikaanguka: skrini ikageuka bluu na kila kitu kikakwama, katikati ya jaribio. Fundi akaniruhusu niongeze volteji kidogo sana, jaribio likapita. Nikaona nimepata ujasiri. Nikapandisha tena, bila kumwuliza, na skrini ikawa nyeusi.

Mashine haikuamka tena. Feni zilizunguka, taa ikawaka, skrini haikuonyesha kitu. Niliizima na kuiwasha mara kadhaa. Nilikaa sakafuni. Ninachokumbuka ni kwamba sikuiwaza hoteli. Niliwaza kwamba kile ndicho kitu pekee ndani ya nyumba hii kilichokuwa kinakwenda mbele, na sasa nacho kimesimama.

Fundi alijibu baada ya muda mrefu. Umeme kwao ulikuwa umekatika.

"Hapana, haijakufa. Imeshindwa na vile umeiambia. Chomoa waya ya umeme kwanza, chomoa kabisa. Kwenye ubao iko betri ndogo, duara, kama ya saa. Itoe, ngoja kidogo, irudishe. Itasahau yote umeiambia, itaanza upya kama siku ya kwanza. Ikisahau ni muzuri, dada."

Ikisahau ni muzuri. Niliusikiliza ujumbe ule mara mbili, mama akiwa hatua chache kutoka kwangu, akiniuliza kama baba amerudi kutoka kazini. Baba alifariki nikiwa shule ya sekondari. Nilimjibu atachelewa.

Nilifanya kama nilivyoambiwa na mashine ikaamka, haina kumbukumbu ya mipangilio yangu yoyote. Nikaanza tena kutoka mwanzo, safari hii kwa adabu. Fundi akanipa sheria yake: ukipata pale inapoanguka, rudi nyuma hatua mbili, ukae hapo. "Si pale inaweza kufika," alisema. "Pale inaweza kuishi kila siku." Nikarudi nyuma hatua mbili. Joto lilisimama kwenye sabini na kitu, jaribio likaenda tangu asubuhi hadi mvua ikaja, bila kosa. Haikuwa kasi ya kujivunia mbele za mafundi, lakini kipande cha filamu kilichokuwa kinanila siku nzima kilianza kuisha kabla sijapika cha jioni. Nilimwandikia msanifu kwamba asitafute mtu mwingine.

Kwa siku kadhaa tuliishi vizuri kiasi hicho. Kisha siku moja, mchana, nilikuwa jikoni nikikaanga sambaza, wale dagaa wa ziwa letu, mashine ikirenda ukumbi wa hoteli, ile sehemu ngumu yenye vioo vingi. Nikasikia sauti ya feni imebadilika. Ilikuwa inapiga kelele kisha ikafifia, kama mtu aliyezibwa mdomo. Halafu kimya.

Nilipoingia sebuleni, mama alikuwa amepiga magoti kando ya kompyuta. Alikuwa ameivingirishia blanketi lake la kulalia, lile zito, akalikunja vizuri mbele na nyuma na kuchomeka ncha chini, kama mtu anavyomfunga mtoto mwenye homa. Mkono wake ulikuwa juu yake.

"Ilikuwa inatetemeka," aliniambia kwa sauti ya chini ili isiamke. "Iko nasikia baridi."

Nilivuta lile blanketi kwa nguvu. Chuma kilikuwa cha moto hadi nikaondoa kiganja. Nikapaza sauti, kitu ambacho sikuwahi kumfanyia mama maishani. Nilimwambia ameua kazi yangu, ameua kila kitu, kwamba sina maisha mengine ila lile sanduku naye amelifunika. Nilisema mengi kuliko hayo.

Alibaki amepiga magoti. Kisha akasema, si kwa hasira, "Weye unanifungiaka hapa juu ya nini? Nilikukosea nini?"

Aliniita "weye" kama mtu wa nje. Hakujua mimi ni nani. Kwake nilikuwa mwanamke fulani aliyemfungia ndani na kushika funguo, na sasa anamfokea.

Nilitoka nikasimama uani mpaka mafuta ya sambaza yakaanza kunuka yameungua. Nikazima jiko. Nikarudi nikamwinua mama, nikamvisha sweta na viatu vya kufunga. Nikafungua geti.

"Tunaenda wapi?" aliuliza.

"Goma."

Akashika mkono wangu. Tulishuka polepole, yeye akisalimia kila mtu tuliyekutana naye, wengine wakishangaa kuniona. Nilikuwa sijapita njia ile kwa muda mrefu hadi nikakuta wamejenga duka ambapo palikuwa na uwanja mtupu. Nilichokuwa nafikiri sijui. Labda nilitaka aone kwa macho yake. Labda nilitaka kutembea tu.

Mpakani kizuizi kilikuwa chini. Yule askari mwanamke alikuwepo, akatutambua.

"Mama, leo hakupitiki," alisema.

Mama aliangalia kizuizi, akaangalia barabara upande wa pili, tupu hadi kwenye kona. Nilijiandaa kwa kilio. Akasema tu, "Bon. Tutarudia kesho." Akageuka yeye wa kwanza.

Njiani akachoka, tukaketi kwenye ukingo wa barabara unaotazama ziwa, akaniambia habari ndefu ya bibi harusi mmoja aliyekataa gauni lake kwa sababu ya vifungo. Ilikuwa habari ya kuchekesha na aliimaliza vizuri, kila kitu mahali pake. Tulicheka wote wawili.

Tuliporudi, niliwasha kompyuta. Ikawaka. Niliposimulia, fundi alinieleza kwamba prosesa ina ulinzi wake: joto likizidi inapunguza mwendo yenyewe, likizidi tena inajizima kabla haijaungua. "Imejiokoa," alisema. "Lakini usiizoeshe." Nilipoteza picha za siku ile tu, za nyuma nilikuwa nikizinakili kwenye diski ya nje kila jioni. Akanisaidia kuweka programu ya kuizima mashine mapema zaidi, chini ya kiwango kile cha kiwandani, hata kama mimi sipo. Nilimwuliza, "Hata kama nimetoka?" Akasema, "Hata kama umetoka, dada. Ndiyo maana tunaiweka."

Basi kila siku baada ya chakula tulitoka. Mashine ilibaki ikifanya kazi, mlango umefungwa, sisi tukashuka hadi mpakani, tukaambiwa hapana, tukapanda. Watu watadhani huo ulikuwa uhuru. Ulikuwa kamba iliyorefushwa kidogo. Nilikwenda alikotaka mama, nikarudi alipochoka, na usiku funguo zilikuwa shingoni mwangu kama kawaida. Lakini mama alilala baada ya matembezi yale, na alipolala sana sikuizima tena kompyuta mapema.

Filamu iliisha. Msanifu alinipigia akiwa na wenye hoteli, nikasikia nyuma yake mtu akisema kwa mshangao kwamba maji ya ziwa yanaonekana ya kweli. Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa. Mama aliniuliza kama kuna msiba.

Baada ya hapo ndipo nilipompigia dada yangu, anayelima viazi na kufuga ng'ombe Mudende. Nilikuwa nimemwambia miezi yote kwamba tuko sawa. Safari hii nilimweleza habari ya blanketi na niliyosema siku ile. Alisikiliza hadi mwisho.

"Kwa nini hukuniita?"

"Ulikuwa na mavuno."

"Mavuno huwa yanaisha," alisema, na alikuwa amekasirika kweli. Kabla ya Jumapili alikuwa getini kwangu na gari la jirani yake, amekuja kumchukua mama. Tulikubaliana tutapokezana, yeye kipindi, mimi kipindi.

Siku walipoondoka nilirudi ndani nikashusha kasi ya prosesa hadi ile ya kiwandani. Hakukuwa na kazi ya haraka, na fundi alikuwa ameniambia hakuna sababu ya kuikimbiza mashine isiyo na safari. Geti nililiacha wazi. Nilikuwa nimepanga kwenda sokoni, kwa msusi, kwa rafiki mmoja wa zamani. Nilikaa kwenye kiti cha mama hadi jioni, sikutoka. Siku ya pili vilevile. Ilinichukua muda kujua mguu upi unatangulia.

Nilipanda Mudende wiki iliyofuata kwa pikipiki, nimejifunga koti kwa ajili ya baridi. Nilimkuta mama nje, kwenye nyasi, hana ukuta wowote mbele yake, anamenya viazi na wajukuu wa dada yangu wakicheza pembeni. Hakuniita jina. Alinisogezea kiti kidogo cha kukalia, akanipa kisu kingine.

"Umetoka wapi?" aliuliza.

"Gisenyi."

"Ni mbali?"

"Si mbali sana."

"Basi menya," alisema. "Batu ni wengi leo."

Tulimenya hadi ukungu ukateremka na ng'ombe wakaanza kurudi.